Mpaka Kwanza, Ukuta Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Ua wa Nyumbani

Safu hii hupokea barua za namna nyingi, lakini mwezi huu zilizo nyingi zimekuja na jambo moja, nalo ni ua. Wasomaji wa mashambani wanataka kujua iwapo mtu anahitaji kibali ili kuzungushia boma lake, ni nani anayeamua mpaka upite wapi, na jirani ana haki gani mafundi wanapoanza kuchimba msingi. Kabla ya kuzijibu barua zenyewe, inafaa ikumbukwe kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya mipaka na uzio, sambamba na upimaji wa ardhi na nyumba. Ndiyo maana mtu wa Murang'a na mtu wa Kajiado wanaweza kuuliza swali lile lile wakapewa majibu mawili tofauti, na yote mawili yakawa sahihi.

SWALI: Mhariri, marehemu baba yetu alituachia shamba lililozungukwa na ua wa kaiyaba uliopandwa kabla sijazaliwa. Nimeung'oa upande mmoja ili nijenge ukuta wa mawe. Jirani yangu, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mdogo, amewasimamisha mafundi akisema naingia kwake. Nilimleta mpimaji wa kujitegemea, naye akasema kwamba kwa mujibu wa ramani mpaka uko hatua mbili ndani ya shamba la baba mdogo. Je, niendelee kujenga au niende mahakamani?
*Msomaji, Murang'a*

JIBU: Usiendelee kujenga, na mahakamani usiende, angalau si sasa.

Ukitaka kuelewa sababu, itazame vizuri hati miliki yako. Penye ukubwa wa shamba utaona neno linalosema kwamba kipimo hicho ni cha kukadiria. Neno hilo halikuwekwa hapo kwa bahati. Mashamba mengi ya kwenu yalikusanywa na kupimwa katika miaka ya 1950, na wenyeji wakatakiwa kupanda ua kwenye mipaka yao ili mistari ionekane katika picha zilizopigwa kutoka angani, kisha ramani zikachorwa kwa kuufuata ua huo. Kwa maneno mengine, ua wa kaiyaba haukupandwa kwa kufuata ramani, bali ramani ndiyo iliyochorwa kwa kufuata ua. Wewe umeuondoa ushahidi wa asili ukabaki na nakala yake.

Tena nakala hiyo ina mipaka yake. Ramani ya usajili ya maeneo kama yenu kwa kawaida huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500. Chukua rula uupime unene wa mstari wa kalamu: ukiwa nusu milimita tu, mstari huo peke yake unafunika mita 1 na sentimita 25 za ardhi. Hatua zako mbili zinakaribia kumezwa na wino. Mpimaji wako huenda ni hodari na mwaminifu, lakini hawezi kuitoa katika karatasi hiyo hakika ambayo haimo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inalijua tatizo hili. Kifungu chake cha 18 kinasema kwamba, isipokuwa pale ambapo daftari la ardhi linaonyesha kuwa mipaka imepimwa na kuthibitishwa rasmi, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Kifungu hicho hicho kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajaushughulikia mpaka wenyewe. Wako watu waliolipa mawakili, wakahudhuria mahakamani mara kadhaa, kisha kesi ikatupwa kwa sababu walianzia mlango usiofaa. Mlango wako ni ofisi ya Msajili katika masjala ambako shamba limesajiliwa. Utaandika maombi, utalipa ada, majirani wote wanaohusika wataarifiwa, na siku iliyopangwa Msajili atafika shambani pamoja na mpimaji wa serikali. Wazee wanaokumbuka ua ulipopita wataombwa wazungumze, visiki vya kaiyaba vitatafutwa ardhini, kisha Msajili atatoa uamuzi wake kwa maandishi. Asiyeridhika ndipo anapoweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo ushauri wangu wa haraka ni huu: kama visiki na mizizi bado imo ardhini, usiiguse tena, na upige picha kabla ya mvua.

Kuna mambo mawili ambayo barua yako haikuyauliza, nami ningekuwa nakuficha nisipoyataja. La kwanza ni kwamba kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya Msajili ni kosa la jinai, na ua wa zamani unaweza kuhesabiwa kuwa alama ya namna hiyo. Baba mdogo hajakushtaki, na ingekuwa busara kumwendea kwa heshima kabla hajapata mtu wa kumshauri vingine. La pili ni umri wa ua huo. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kumwondoa anayeitumia ardhi yake waziwazi bila ruhusa. Muda huo ukipita, anayeitumia anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Tuseme ramani inakupa hatua mbili zile: kama baba mdogo amezilima upande wake wa ua tangu kabla hujazaliwa, huenda ramani ikakupa kitu ambacho sheria ilikwisha kukichukua.

Umesema pia, mwishoni mwa barua ambayo nimeifupisha, kwamba chifu amependekeza mgawane tofauti, kila mtu apate hatua moja. Kupatanishwa na wazee ni jambo jema, na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 60, inahimiza migogoro ya ardhi itatuliwe kwa njia zinazotambulika na jamii. Tahadhari ni moja. Mkikubaliana mpaka ulipo, mnakubaliana juu ya jambo lililokuwapo, lakini mkikubaliana kuusogeza, mmegawiana ardhi, na kwa ardhi ya kilimo huo ni uhamisho unaohitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Karatasi iliyogongwa mhuri wa chifu haitoshi kubadilisha kitu katika daftari la ardhi.

Mpaka ukishajulikana na ukiwa bado unataka ukuta, mwambie fundi asiuweke juu ya mstari wenyewe. Ukuta wenye unene wa sentimita 20 kwa kawaida hukalia msingi wenye upana wa sentimita 60 hivi, yaani msingi unatokeza sentimita 20 kila upande, chini ya udongo ambako jirani haoni hadi siku atakapochimba shimo la kupanda mgomba. Rudi ndani kiasi cha kuuweka msingi wote kwako. Vilevile, kwa kuwa mashamba yenu yako kwenye miteremko, acha matundu chini ya ukuta ili maji ya mvua yapite yalipokuwa yakipita. Ukuta uliozibwa kabisa hugeuka bwawa, nalo likipasuka hupasukia kwa aliye bondeni.

SWALI: Mimi ni mwalimu katika kaunti ya Uasin Gishu. Nilipeleka ofisi ya mipango ya kaunti ndogo mchoro wa ukuta na lango la mbele, upande unaopakana na barabara ya murram. Miezi minne imepita bila jibu. Nilipoanza kujenga, askari wa kaunti walikuja wakasema sina kibali, na wiki iliyofuata nikakuta ukuta umepakwa alama nyekundu ya X. Majirani wangu wenye ua wa miti hawakuguswa. Je, huu si uonevu?
*Mwalimu, karibu na Eldoret*

JIBU: Mwalimu, barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa pamoja, nami nitayafungua moja moja, kwa sababu katika moja una haki na katika la pili huenda huna.

Kuhusu kibali, Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila anayetaka kuendeleza ardhi apate ruhusa ya serikali ya kaunti, mjini na mashambani. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inamkinga mwananchi dhidi ya ofisi inayolala: maombi yakikaa siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa kama ilivyoombwa. Miezi minne imezipita siku hizo mara mbili. Ila haki hiyo haina meno bila ushahidi wa tarehe. Tafuta nakala ya maombi yenye mhuri wa kupokelewa, risiti ya ada, na mchoro ule ule uliowasilisha. Kama ukuta uliojengwa umepanda juu kuliko mchoro, au umesogea, ulinzi huo hauufuniki. Na endapo umeletewa ilani rasmi ya kusimamisha ujenzi, zihesabu siku kuanzia tarehe ya ilani: rufaa hupelekwa kwa Kamati ya Uhusiano ya Upangaji ya kaunti ndani ya siku 14, na watu wengi huzimaliza siku hizo wakimtafuta mtu wa kuwasaidia kwa mdomo.

Ama kuhusu majirani wenye ua wa miti, huo si uonevu. Ukuta wa mawe ni ujenzi wenye msingi, uzito na uwezo wa kumwangukia mtu. Ua wa michongoma, misipresi au minyaa ni mimea. Kwa miaka yangu yote sijaona afisa wa kaunti akidai mchoro wa ua uliopandwa kwa mkono. Waya wa seng'enge kwenye nguzo za mbao huwa katikati ya hayo mawili, na hapo ndipo kaunti hutofautiana. Ada nazo hupangwa katika sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka, kwa hiyo usitegemee kiasi alicholipa rafiki yako miaka mitatu iliyopita.

Alama ya X ni habari nyingine. Kwa kawaida huwekwa na wanaosimamia barabara, nayo humaanisha kwamba wanaamini ukuta umeingia katika akiba ya barabara, yaani ardhi yote iliyotengewa barabara hiyo. Watu wengi huipima barabara kwa upana wa murram inayopitiwa na magari, kumbe akiba yake ni pana zaidi, ikichukua mitaro na ile nyasi ambayo ng'ombe wenu hufungwa. Kibali cha kaunti, hata kikiwa cha kuhesabiwa kwa siku 60, hakikupi ardhi ambayo si yako. Mwombe mpimaji mwenye leseni aipime akiba hiyo kutoka katika ramani, si kutoka katikati ya murram iliyopo leo, kwa maana barabara za mashambani huhama kidogo kidogo kila greda linapopita. Ikiwa ukuta umo ndani ya shamba lako, peleka ripoti yake kwa mamlaka iliyoweka alama na uombe ifutwe kwa maandishi. Ikiwa umetoka nje, ubomoe mwenyewe mapema, kwa sababu mawe yanayobomolewa na fundi wako hutumika tena, na yanayobomolewa na tingatinga ni kokoto.

SWALI: Tulinunua ploti ya futi 50 kwa 100 katika kaunti ya Kajiado, upande wa Kitengela. Mume wangu anataka kuizungushia ukuta mara moja kabla ya kujenga nyumba. Mzee mmoja wa Kimaasai anayechunga karibu alimwambia kwamba hapo ni njia ya wanyama na hapapaswi kufungwa. Tuna hati yetu. Kwa nini tusifunge chetu?
*Mama wa watoto wawili*

JIBU: Mama, mzee huyo hakuwa akiwatisha. Upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi haukuzungushiwa uzio, na nyumbu na pundamilia wametoka humo kwa vizazi vingi wakielekea tambarare za Athi na Kaputiei kutafuta malisho. Kila uzio unaosimamishwa huko hukata njia hiyo, pamoja na njia ya ng'ombe wakati wa ukame. Tatizo lilikwisha kuonekana zamani: tangu mwaka 2000 palianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi fulani kwa ekari ili wasifunge mashamba yao, na baadaye, katika enzi za Baraza la Kaunti la Olkejuado, lililotangulia serikali ya kaunti ya Kajiado, wenyeji wa Kitengela, Isinya na Kipeto walitengeneza mpango wao wa matumizi ya ardhi uliogawa maeneo ya makazi na maeneo ya kuachwa wazi.

Hati yenu inathibitisha kwamba ardhi ni yenu. Haisemi iko katika eneo gani la mpango, na hilo ndilo linaloamua kama mtaruhusiwa kujenga ukuta, au waya tu, au kuzungushia nyumba peke yake na kuiacha ploti iliyobaki wazi. Kwa hiyo nendeni na namba ya ploti katika ofisi ya mipango ya kaunti mkaulize swali hilo moja kabla ya kununua hata lori moja la mawe. Kama ploti imo katika mtaa uliokwisha kujaa nyumba, huenda jibu likawa jepesi. Kama iko peke yake katikati ya tambarare, mume wako na avute subira.

Na kwa kuwa mko katika kupima, ipimeni ploti yenyewe. Wauzaji huita ploti ya 50 kwa 100 "eka moja ya nane", lakini moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, nanyi mna 5,000. Tofauti hiyo inatosha chumba kikubwa na choo. Bikoni nne za pembeni, yaani alama za mpimaji, ndizo zitakazowaambia mlichonunua, si jina lililotumika wakati wa kukubaliana bei.

SWALI: Wezi wa mifugo wamenichosha. Fundi wa umeme amejitolea kuunganisha waya wa seng'enge na umeme wa nyumbani usiku tu. Ninaishi kando ya msitu wa Aberdare, na msitu wenyewe una uzio wa umeme. Je, sheria inaniruhusu?
*Mkulima, Nyeri*

JIBU: Hapana, na huyo fundi usimruhusu kuingia tena nyumbani kwako na bisibisi. Uzio wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi, haukuunganishwa na umeme wa nyumba. Huendeshwa na mashine maalumu inayotoa mpigo mfupi sana, mmoja kwa takriban kila sekunde, kisha unakatika. Aliyeushika husukumwa nyuma na kupata nafasi ya kuachia. Umeme wa nyumbani haukatiki: hukaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuuachia waya. Atakayekufa pale asubuhi anaweza kuwa mtoto wa jirani aliyefuata mpira, nawe utashtakiwa kwa mauaji, hata kama ulimkusudia mwizi. Ukitaka uzio wa umeme, nunua mashine yake, mweke fundi anayeijua, tundika vibao vya tahadhari pande zote, na uulize kaunti kwanza.

SWALI: Mashamba yetu ya Vihiga ni madogo. Ndugu yangu aliuza kipande cha mbele, na mnunuzi amezungushia waya hadi kwenye kijia tulichokuwa tukipita kwenda barabarani. Sasa mama yetu mzee hubebwa mgongoni kupitia shamba la watu wengine akienda hospitali. Mnunuzi anasema hati yake haina njia. Tufanyeje?
*Msomaji, Vihiga*

JIBU: Poleni, na mama apewe salamu zetu. Jambo la kwanza ni kwenda kutazama ramani iliyochorwa wakati ndugu yako alipogawa shamba. Kama kijia kimeonyeshwa humo, basi ni njia ya kupita, na mnunuzi amefunga kitu ambacho hakuuziwa. Mwandikieni, nakala mpeleke kwa Msajili na kwa kaunti, aondoe waya.

Ikiwa hakikuchorwa, na mara nyingi hakichorwi kwa sababu ndugu wanapogawana hawafikirii kwamba siku moja mmoja wao atauza, hali ni ngumu zaidi lakini haijafungwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye ardhi isiyo na njia inayofaa ya kufikia barabara aiombe mahakama itoe amri ya kupitishiwa njia katika ardhi ya jirani. Mahakama hutazama njia ipi itamsumbua jirani kwa uchache, mwombaji alifikaje katika hali hiyo, na inaweza kuamuru alipe fidia. Kwa hiyo kabla ya kesi mtoleeni mnunuzi pendekezo la maandishi: njia ya upana wa mkokoteni kando ya mpaka, mkilipia ardhi inayochukuliwa na gharama ya kuuhamisha waya. Akikubali, makubaliano hayo yapelekwe yasajiliwe dhidi ya hati yake, ili akiuza naye, mnunuzi mpya aikute njia katika daftari. Akikataa, barua hiyo hiyo iwekeni pamoja na ramani, kwani itawafaa mbele ya hakimu. Na kwa sasa mwombeni jirani yule mnayepita kwake awaandikie ruhusa ya muda, ijapokuwa ya mistari miwili, ili gari la wagonjwa lipate pa kuingilia.